Matundu Matano Nyuma ya Jiko

Ukuta ulianza kuinamia jiko letu mwaka uleule aliofariki mke wangu, na ofisi ya juu haikuhangaika na lolote kati ya hayo mawili. Naiita ofisi ya juu kwa sababu iko juu kweli. Ukuta umezuia udongo kimo cha watu wawili, juu ya udongo wanaegesha magari yao, na chini, hatua tatu tu kutoka ukutani, liko jiko. Marehemu alilijenga kwa mikono yake. Mimi nilishika ngazi na kukosolewa.

Miaka saba niliwaandikia barua. Shule niliishia darasa la nne, lakini neno uzembe naliandika bila kukosea. Niliwaambia wameujenga vibaya, magari yao yanausukuma, siku moja utatulalia. Mwishowe akashuka bwana mmoja ambaye binti yangu alimbatiza Bwana Faili, maana hata mgongo alijikuna kwa faili. Akachora X nyekundu kwenye jiko.

"Hili litabomolewa. Tutaweka nguzo hapa za kuuegemeza ukuta."

"Ukuta wenu umekosea, jiko langu ndilo linaadhibiwa?"

"Mzee wangu, usiwe mgumu."

Aliyekuja na wazo jingine ni mhandisi wao, mwanamke wa rika la binti yangu, mwenye buti zenye tope la kweli. Alining'iniza timazi ukutani kuona ulivyoinama, akapima, akasema ukuta wenyewe bado unafaa, kinachouumiza ni uzito ulio mgongoni mwake. Angechimbua udongo wa nyuma, mahali pake apange matofali ya povu gumu, ayafunike kwa plastiki nene, kisha juu arudishe udongo kidogo. Jiko lingebaki.

"Povu lipi hilo?"

"Lile jeupe linalokuja limekumbatia televisheni ndani ya boksi."

"Mwanangu, unataka kuzuia ofisi nzima kwa takataka za televisheni?"

"Lenyewe halizuii kitu, baba. Ukuta ndio unazuia. Kazi ya povu ni kukaa pale bila kusukuma."

Nikamwambia huko juu wanao wengi wa kukaa bila kusukuma. Akacheka. Bwana Faili hakucheka.

Lori likaleta matofali, kila moja refu kama kitanda. Nilijaribu kuinua moja, likaja kwa mkono mmoja.

"Mzee, umeoa tena nini?" kibarua akanitania. "Naona nguvu zimerudi."

Nikalitua.

Walichimba siku nne. Walipofika nusu, udongo ukaanza kutoka kama uji. Mhandisi akashuka hadi nyuma ya jiko, akaupapasa ukuta kwa kiganja.

"Huko nyuma kumelowa chapachapa, hapa mbele pakavu. Baba, matundu ya kutolea maji yako wapi?"

"Waulize walioujenga."

Bwana Faili akafungua mchoro wa zamani. Matundu matano, usawa wa goti. "Basi mkandarasi aliyala," akasema.

"Ndio zao," nikaitikia, haraka kuliko ilivyonipasa.

Mhandisi alikunja uso. "Povu ni jepesi. Maji yakijaa nyuma yataliinua kama boya, pamoja na uwanja uliopo juu yake. Bila matundu siliweki. Na ukuta uliokwisha kuinama hivi siwezi kuutoboa upya." Akaitazama ile X. "Itabidi turudi kwenye nguzo. Kesho asubuhi."

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni pa jiko na sufuria mkononi. Alinitazama, kisha akautazama ukuta. Mchanga wa kuzibia alikuwa ameuleta yeye, kwa ndoo, akiwa msichana.

Kuni za mama yake zilikaa pale chini ya ukuta. Kila walipoosha magari, maji yalipita kwenye matundu yakazimwagikia. Kuni mbichi zina moshi, na kifua chake hakikutaka moshi. "Mume wangu," alikuwa akisema, "hao mabwana wanayaogesha magari yao kwenye kuni zangu." Nikayaziba matundu kwa saruji, nikapiga lipu, nikapaka chokaa. Kifua hakikupona. Kwenye barua zote nilizoandika baadaye, hilo sikulitaja.

Nikaingia ndani, nikatoka na nyundo na tindo.

Sikuhitaji mchoro. Tundu la kwanza lilipofunguka, maji ya rangi ya chai yakaruka moja kwa moja hadi kwenye viatu vya Bwana Faili. Akavitazama, kisha akanitazama mimi.

"Kwa hiyo ni wewe. Miaka saba unatutukana kumbe ni wewe."

"Mliyaelekeza jikoni kwa mtu."

"Nataka jina. Nani aliziba?"

"Kuni zilikuwa zinalowa."

"Sijauliza kuni."

Nikaendelea kugonga. La pili saruji, la tatu saruji, la nne saruji. La tano lilikuwa nyuma ya pipa la maji, na hilo nilipoondoa lipu sikukuta saruji yangu. Nilikuta kitambaa kilichosokomezwa kwa kijiti mpaka kikawa kigumu kama gogo. Nikakivuta. Ni mkono wa gauni la kijani, kifungo bado kipo. Gauni hilo mke wangu aliniambia limeibwa kwenye kamba, nikagombana na jirani hadi leo hatusalimiani. Kumbe alianza mwenyewe kabla hajaniomba, nami nikapiga lipu juu yake bila kugundua.

"Na hilo tambara?" Bwana Faili akauliza, kalamu juu ya karatasi. "Hilo naona ni la mtu mwingine."

"Andika mimi," nikasema. "Yote matano."

Akaandika. Mhandisi alikitazama kile kifungo, akahesabu matundu kwa kidole, akapanda juu kuwaambia vibarua waanze kupanga matofali.

Mvua zimeshapita mara mbili. Timazi aliloniachia halijasogea hata unene wa kucha, na X bado ipo kwenye jiko kwa sababu hakuna aliyetumwa kuifuta. Maji yanatoka kwenye matundu yote. Kuni nimezihamishia upande wa pili wa jiko, hatua chache tu. Zingekaa huko tangu mwanzo, kama mmoja wao angeshuka siku moja akatuambia yale matundu ni ya nini. Safari hii nimewaandikia hilo.