Chupa ya Mwalimu wa Hesabu

Saa nane na nusu mchana mgawaji alifuta meza ya tatu ya kasino kwa kitambaa kikavu, akazichanganya karata, akampa Mwalimu azikate. Mwalimu alizikata, kisha akauliza, kama kawaida yake:

"Miguu inaendeleaje, mwanangu?"

"Imevimba, lakini ipo."

"Basi leo tutacheza polepole."

Hakuna mchezaji mwingine aliyewahi kuiulizia miguu yake. Wengi hawakujua hata kama anayo, maana meza ilimficha kuanzia kiunoni.

Mwalimu alikuwa amefundisha hesabu miaka thelathini na sita. Sasa alikuja mara mbili kwa wiki kucheza ishirini na moja, mchezo ambao anayepita hesabu hiyo hushindwa, atafute nyongeza ya dawa za mkewe, kwa kuwa pensheni yake ilikuwa ikifika imechoka kuliko yeye. Mkewe alikuwa na moyo mbovu, na macho yalishazima. Vidonge vyake vyote vilikaa kwenye kopo moja la biskuti. Karatasi ya daktari, Mwalimu alishaitupa, kwa sababu hakuona haja ya kutunza maandishi ya kitu anachokijua kichwani. Kila jioni alimshika mkewe mkono, akahesabu mapigo, akaongeza au akapunguza kidonge kama daktari alivyomfundisha.

Karata pia alizihesabu hivyo, na mgawaji alijua. Ikitoka ndogo, kuanzia mbili hadi sita, aliongeza moja. Ikitoka kumi, au yenye picha, au ree, alipunguza moja. Kuhesabu kwenyewe hakuonekani. Kinachoonekana ni pale mtu anapobadilisha uamuzi: muda si mrefu uliopita alikuwa na kumi na sita akaomba karata, sasa ana kumi na sita ile ile na anakataa. Sheria ya kasino ilisema mgawaji akiona hivyo aguse sikio lake la kushoto.

Kila mchezaji aliyegusiwa sikio alipelekwa chumba cha nyuma, akapewa soda, akatolewa hesabu zake kichwani. Haikuuma. Zilimiminwa kwenye chupa, chupa ikatiwa kufuli, ikapangwa juu ya rafu ya chai, kwani kwingine hapakuwa na nafasi. Wafanyakazi wakinywa chai ya saa kumi walizisikia: fundi cherehani akipima viuno, mpiga ngoma akihesabu mapigo. Walizisogeza ili waifikie sukari. Wenye hesabu hizo walirudi makwao wazima, ila hawakujua tena wana watoto wangapi.

Siku hiyo Mwalimu alipata kumi na sita mapema, mgawaji akiwa na kumi mezani. Aligonga meza kwa kidole, akapewa nne. Baadaye zikatoka ndogo mfululizo, mbili, tano, tatu, sita, tano tena, kama zimeitwa. Zilizobaki zikawa nzito mkononi. Ndipo ikaja kumi na sita nyingine, na mgawaji akawa tena na kumi. Nyuma ya mgawaji vikasimama viatu vya msimamizi wa kasino.

"Chukua karata, Mwalimu," alisema mgawaji taratibu.

"Nichukue ya nini?"

"Kila mtu huchukua hapo. Na wewe mwenyewe umechukua sasa hivi."

Mwalimu alimwona msimamizi. Kidole chake kilinyanyuka kidogo, kikarudi.

"Mwanangu, sijawahi kuandika jibu la uongo ubaoni," alisema. "Sijui linaandikwaje."

Akapitisha kiganja juu ya karata zake, kukataa. Mikono ya mgawaji ilibaki mezani; hakuligusa sikio. Alifunua karata yake ya chini, ikawa tano. Akavuta nyingine, ikawa mfalme, akapita ishirini na moja. Jibu lilikuwa sahihi.

Msimamizi akaligusa sikio lake mwenyewe.

"Mzee, karibu soda."

"Ya machungwa, kama ipo," alisema Mwalimu, akafunga vifungo vya koti.

Msimamizi alimwinamia mgawaji. "Sikio lako limelala leo?"

"Limelala, bosi."

"Liamke. Rafu bado ina nafasi."

Jioni mgawaji alimrudisha Mwalimu nyumbani akimshika mkono. Mkewe alikuwa ameshakaa kitini, kiganja wazi.

"Umechelewa, baba. Leo vingapi?"

Mwalimu alifungua kopo, akavitazama vidonge kama kokoto.

"Vya kutosha," alisema, akachota konzi nzima.

Mgawaji alimshika mkono, akavirudisha kimoja kimoja. "Mama, usimeze kitu mpaka kesho nije. Utavumilia?"

"Moyo huu nimeuvumilia miaka mingi. Keti, mwanangu, unahema. Miguu hiyo."

Mwalimu alikuwa amemsimulia habari za miguu ya mgawaji.

Kesho yake saa kumi, mgawaji alisogeza sukari, akaweka sikio kwenye chupa mpya. Sauti ya Mwalimu ilitoka humo, tulivu, kama iko darasani: nyeupe mbili, ya njano nusu. Aliandika kiganjani, na jioni mama akapata dawa yake. Siku iliyofuata chupa ilisema nyeupe mbili, njano hakuna. Ilitaja ya siku hiyo tu, ikabidi isikilizwe kila siku, na asiyekuwa na kazi pale kasino hakuruhusiwa kuingia kwenye chumba cha chai.

Wiki iliyofuata alikaa meza ya tatu mkunga mwenye viatu vyeupe. Alipoona mgawaji anaegemea upande mmoja, alimsogezea glasi yake ya maji. Alipata kumi na sita, akachukua. Zikatoka ndogo nyingi. Akapata kumi na sita tena, akapitisha kiganja.

Viatu vya msimamizi vikasimama nyuma ya mgawaji. Saa ya ukutani ilikuwa tisa na dakika arobaini.

Mgawaji akagusa sikio lake la kushoto.

Saa kumi kamili alikwenda kunywa chai. Chupa mpya ilikuwa bado ina joto. Aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza kando polepole, ili aifikie ya Mwalimu.