Ukuta Uliotoa Mafuta

Mkaguzi wa majengo alifika saa mbili asubuhi akiwa na ngazi ya kukunja, tochi, nyundo ndogo na mfuko mweusi wa vifaa. Alikuwa mtu mfupi wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mzee, mwenye nyumba, alimpokea mlangoni amevaa shati lake la Jumapili, ingawa ilikuwa Jumatano.

"Yaani nyumba ya mzee wako wa kanisa unailetea daktari," aliniambia. Alicheka, lakini mkono wake haukutoka kwenye kitasa.

Nilimwomba radhi. Nilimheshimu sana wakati ule. Yeye ndiye aliyekuwa akiongoza kikundi chetu cha maombi kila Alhamisi, na aliposema anauza nyumba yake ahamie kwa mwanawe, mama yangu alilia kwa furaha. Miaka kumi na mmoja mama na mimi tumeishi katika chumba kimoja cha kupanga, tukitenganishwa na pazia. Mama alikuwa ameuza kiwanja alichoachiwa na marehemu baba, na hakuwa na kingine cha kuuza. Tulikuwa tutie sahihi Jumamosi.

Wazo la mkaguzi lilikuwa langu. Ninafanya kazi ya udobi, nina miaka kumi na minane kwenye mabeseni na pasi, na msimamizi wetu kule kazini alinunua nyumba ambayo ukuta wa jiko ulipasuka mvua za kwanza tu. Aliniambia nisitie sahihi popote kabla mtu mwenye ujuzi hajaipima nyumba kuanzia msingi hadi paa, hata kama itabidi niuze viatu nitembee peku.

Mama hakutaka. Alisema Mungu alishaipima.

Alikuwa na sababu yake. Majuma matatu kabla ya siku hiyo, kikundi chetu kilikwenda kuiombea nyumba. Katika chumba cha nyuma, ambacho kingekuwa cha mama, dada mmoja alichovya kidole katika mafuta ya upako akachora msalaba mdogo ukutani. Alhamisi iliyofuata tuliporudi, tulikuta pale palipochorwa msalaba pamekuwa na doa kubwa kama sinia. Ukuta ulikuwa uking'aa. Mtu mmoja akasema mafuta yameongezeka, na wote tukapiga magoti.

Sitaki kuandika yaliyofuata, lakini nitayaandika. Tuliugusa ukuta ule mmoja mmoja. Mama alipaka paji la uso, kisha goti lake linalouma. Alichovya pamba akaifunga katika leso ili ajipake machoni kila asubuhi. Mimi nilipaka paji la uso na midomo. Bibi mmoja aliyekuja na mjukuu wake wa miaka miwili alipangusa ukuta kwa kidole, akampa mtoto akirambe. Mtoto alikunja uso, tukacheka kwa upendo. Mzee alikuwa amesimama mlangoni. Alisema Amina, akarudia kwa sauti.

Kwa hiyo mama alikuja kwenye ukaguzi ili amwone mkaguzi akiaibika. Alikaa kwenye kigoda sebuleni, Biblia mapajani, akawa anamfuata kwa macho.

Mkaguzi hakuingia ndani kwanza. Aliizunguka nyumba mara mbili, polepole, akitazama ardhi inavyoteremka na maji ya bati yanapoangukia. Aliparua lipu ya chini kwa ncha ya bisibisi. Alimuuliza Mzee choo kinaishia wapi. Mzee alipunga mkono kuelekea uani na kusema, huko. Mkaguzi akauliza huko wapi, maana alikuwa ametoka huko na hakuona mfuniko. Mzee akasema ni kazi ya mafundi wa zamani, mambo yao hakuyajua yote.

Ndani alipanda darini, akashuka na vumbi la mchwa kwenye nywele. Aligonga kuta kwa nyundo, akitega sikio kila baada ya hatua moja. Kisha akatoa gololi mfukoni, akaiweka katikati ya sebule. Gololi ilisita, ikaanza kubingirika yenyewe, ikapita mlango, ikashika ukumbi mpaka chumba cha nyuma.

"Mwanangu," mama alimwambia, "na malipo yako ni ya gololi?"

"Zikiwa za kioo, mama, napokea."

Mama alicheka. Tangu hapo akamwita Baba Gololi. Lakini Baba Gololi hakuwa akicheka tena. Alisema nyumba yote inainamia nyuma, na akaifuata gololi yake, mama akimwambia huko ndiko ukuta unakotoa mafuta ya Mungu.

Chumba cha nyuma kilikuwa na harufu ya dawa ya nondo ya kabatini na manukato ya kupuliza. Chini yake kulikuwa na harufu nyingine tamu, kama maji ya chombo cha maua yaliyosahauliwa juma zima. Nilikuwa nimeisikia siku zile za maombi. Nilidhani ndivyo mafuta yalivyonukia.

Doa lilikuwa limekua. Sasa lilifika usawa wa kifua changu. Mkaguzi alibandika kifaa cha kupimia unyevu chenye sindano mbili, kikalia mfululizo. Akachomoa kisu, akaikwangua rangi. Rangi ilitoka nzima, ikakunjamana kama utando wa maziwa yaliyopoa. Chini yake lipu ilikuwa nyeusi, laini, na kisu kiliingia bila kusukumwa. Alikinusa kisu. Akakifuta kwa kitambaa, na kile kitambaa hakukirudisha mfukoni. Alikitupa dirishani.

"Tusogeze kitanda," alisema.

Mzee alisema kitanda ni kizito, mgongo wake unamsumbua, na tena chini yake hakuna kitu. Nilishika upande mmoja, mkaguzi akashika mwingine. Kilikuwa chepesi tu.

Chini ya kitanda kulikuwa na vigae vinne visivyofanana na vingine. Saruji iliyojazwa katikati yake ilikuwa nyeupe, mpya, na ilimeguka kwa ukucha. Mkaguzi aligonga kigae kimoja kwa mpini wa nyundo, kikalia kama ngoma. Akaomba ruhusa ya kukiinua.

"Utaniharibia sakafu," Mzee alisema. "Hawa bado hawajanunua."

Mama alikuwa ameshakuja mlangoni. "Inua, Baba Gololi. Kikivunjika nitalipa mimi. Nataka uone mwenyewe kwamba hakuna kitu, utuache na nyumba yetu."

Kigae kiliinuka kirahisi. Chini yake palitandazwa nailoni, na chini ya nailoni magunia ya saruji yaliyolowa, na ndani ya magunia walikuwemo mende wengi kiasi kwamba mwanzoni nilidhani gunia lenyewe linatembea. Wakatawanyika juu ya viatu vyetu. Kisha tukaona mfuniko wa zege uliopasuka katikati. Katika ufa ule kitu cha kijivu kilikuwa kikipanda na kushuka taratibu, kikitoa mapovu, na pembezoni mwake funza weupe walikuwa wakijisukuma kwenda kwenye mwanga.

Harufu haikupitia puani. Iliingia moja kwa moja mdomoni, ikakaa juu ya ulimi.

"Hili ndilo shimo la choo cha nyumba nzima," mkaguzi alisema, ameziba pua kwa kiwiko. "Chumba kimejengwa juu yake. Limejaa, halina pa kutokea, kwa hiyo linapanda ukutani." Alinyoosha nyundo kuelekea doa. "Hayo mnayoyaita mafuta ni haya haya, dada. Yamepanda tu."

Hapo ndipo macho yangu yalipoona kilichokuwa mbele yangu muda wote. Doa la mafuta likikauka halina mpaka. Linafifia pembeni mpaka hujui limeishia wapi. Doa la maji machafu huacha mstari wa kahawia kuzunguka ukingo wake. Hilo huwa nawafundisha wasichana wapya siku yao ya kwanza kazini. Na ukuta ule ulikuwa na mstari wa kahawia, mnene, kama umechorwa kwa kalamu. Niliuona tangu siku ile ya kupiga magoti. Niliuona, nikaupaka midomoni.

Mama alikuwa ameanza kupeleka mkono kwenye paji la uso, kama afanyavyo akishtuka. Mkono ukasimama katikati. Akaushusha, akaushikilia mbali na mwili wake, vidole vimetanuka, kana kwamba ni wa mtu mwingine aliyemwomba amshikie.

Nilitoka nje mbio nikatapika kando ya bomba. Nilisukutua mdomo mara nyingi, na kila niliposukutua niliukumbuka ukuta unavyong'aa, nikaanza upya. Nilimwomba Mungu anisamehe, kisha sikujua nasamehewa nini hasa. Nilikuwa nimemtafuta yeye.

Niliporudi, Mzee alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda na mikono yake magotini. Nilimuuliza kama siku ile alijua.

"Mimi sikusema ni mafuta," alijibu. "Mliosema ni nyinyi. Ningewezaje kuingilia imani ya watu?"

Alisema hivyo kwa sauti ile ile ya Alhamisi, ya upole, inayoshuka mwishoni mwa sentensi. Nimeipenda sauti ile kwa miaka mingi. Sasa ilinipa kichefuchefu kuliko shimo.

Aliendelea kusema. Alisema shimo litanyonywa na gari moja tu. Angetupunguzia bei, tena sana; alitaja kiasi, na nilijua kwamba kwa kiasi hicho tungebaki na cha kuweka akiba. Alituomba tu mambo haya yasifike kwenye kikundi. Wapo walio wachanga kiroho, alisema, wakisikia watayumba. Ukuta ule umewatia watu moyo. Juzi tu walikuja watu watatu kutoka mtaa wa pili, akawafungulia.

"Ukawafungulia," nilisema.

"Wangesikitika kurudi bure."

Nilimtazama mama. Nilimwogopa kuliko nilivyomwogopa Mzee, maana pesa zilikuwa zake na ndoto ilikuwa yake, na punguzo lile lingeweza kumrudisha. Alikuwa ametaka mlango wa kufunga mwenyewe tangu nilipokuwa msichana. Alikuwa ameshapima dirisha la chumba kile kwa ajili ya pazia.

Mama alimgeukia mkaguzi kwanza. Akamuuliza kama inatengenezeka.

Mkaguzi alisema kila kitu hutengenezeka. Itabidi chumba hiki kibomolewe, shimo lihamishwe, na msingi wa ukuta wa nyuma uchimbwe upya kwa sababu umeshalainika. Ndiyo maana gololi ilikuja huku. Kwa makadirio yake, gharama ingepita nusu ya bei ya nyumba. Na kabla ya hapo asilale mtu humu, wala asiguse ukuta mtu mwenye kidonda.

Mama akatikisa kichwa. Kisha akamsogelea Mzee, akasimama mbele yake kwa karibu.

"Yule mtoto alipopewa kidole arambe," alisema, "ulikuwa wapi?"

"Mama yangu, tusifike huko."

"Nakuuliza ulikuwa wapi."

"Nilikuwa hapo mlangoni."

"Ukasema nini?"

Mzee alitazama sakafu. Mende mmoja alikuwa akipanda mguu wa kitanda.

"Ulisema Amina," mama alisema. "Mara mbili. Nilifurahi, nikasema moyoni, leo Mzee ameguswa."

Mkaguzi alirudisha kigae mahali pake kwa ncha ya kiatu, akaanza kufunga ngazi. Mama alimwambia aandike yote katika taarifa yake, mende na funza na tarehe ya leo, na aandike kwa maneno mepesi, kwa sababu itasomwa mbele ya watu kesho Alhamisi. Alitaka nakala tatu. Mkaguzi aliuliza kama nyumba bado tunaifikiria. Mama alisema hapana. Akakohoa, akarudia hapana kwa sauti nzima.

Mzee alisimama. Nadhani hakujua afanye nini kingine, kwa hiyo alifanya alichozoea. Alinyoosha mikono yote miwili ili tushikane.

"Basi tuombe, tuagane kwa amani."

Mama aliitazama mikono ile. Ilikuwa safi, kucha zimekatwa vizuri.

"Hapana, Mzee. Mimi nitaomba nyumbani, nikishanawa."

Pale bombani alinawa uso kwa sabuni ya kufulia niliyokuwa nayo mkobani, akasuuza, akanawa tena, mpaka ngozi ya paji la uso ikawa nyekundu. Ile leso ya pamba aliitoa kwenye sidiria, akaiangusha kwenye shimo la takataka bila kuifungua. Nilimwambia tukitoka hapa tupitie zahanati wamtazame macho. Akasema zahanati baadaye.

Hatukushika njia ya nyumbani. Mama alitangulia mbele, akichechemea kwa goti lake ambalo halikuwa limepona, na sikuhitaji kuuliza tunakwenda wapi. Bibi wa yule mtoto anaishi nyumba ya nne kutoka kanisani. Ndani mtoto alikuwa akicheka na kugonga kitu kama sufuria.

Mama alibisha hodi kwa kiwiko.