Maoni Chini ya Mchezo Wetu

Mchezo wetu wa kompyuta ni wa vita vya angani, wa kucheza kwa zamu. Dada yangu aliuchora, mimi nikatunga sheria zake. Tulikubaliana kwamba wachezaji wakiukataa, yeye atatafuta kazi kwingine.

"Huyu anasema maadui wanafikiri mpaka chai yake inapoa," dada alisoma maoni ya mchezaji mmoja mtandaoni huku akicheka.

"Mwambie anywe maji! Vita vinataka akili."

"Kaka, usijibu."

Alisoma maoni yaliyofuata, kicheko kikamkatika. Nikainama nisome mwenyewe: "Askari wamechorwa wakapendeza, ila sheria ni upuuzi mtupu. Mchoraji atafute mwenzake wa maana."

Nilingoja anitetee. Dada alizima kompyuta, akaanza kubandua michoro yake ukutani.