Mtaa Usiopepesa Macho

Jumanne moja, saa tatu na robo asubuhi, Victorine Ngalula alifika kwenye dirisha la ofisi ya viwanja na karatasi zake zote ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na picha mbili ndogo ambazo ndani yake alionekana kama mtu aliyekamatwa. Mgongoni alikuwa amembeba Exaucée, bintiye wa miezi mitano, amelala fofofo. Alikuwa anataka kitu kimoja tu: hati yenye muhuri, iseme kwamba kiwanja cha kule Ruashi ni chake. Marehemu mumewe alikuwa amejenga nyumba pale kwa matofali ya kuchoma, chumba kimoja kila kiangazi, na kwenye chumba cha nne ndipo alipofia, chepe mkononi. Mgodi wa jirani ulikuwa unasogea. Ukilala chali ulikuwa unausikia unatafuna.

Karani aliitwa Aimé. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, shati jeupe, adabu nyingi, na shavu moja limejaa andazi. Alizipitia karatasi moja moja, akaridhika.

"Mama, inabakia saini ya chef tu, mkubwa wetu kule nyuma," alisema. "Dakika mbili."

Akaingia mlango wa nyuma, akaufunga polepole ili mtoto asiamke.

Kwenye benchi alikuwa amekaa Mzee Bwalya, mwenyeji wa Ruashi tangu kabla haijawa na barabara. Alisogea akampa Victorine nafasi.

"Alikuambia nini, mama?"

"Dakika mbili."

Mzee Bwalya akahesabu kwa vidole. "Miaka tisa," alisema. "Si mubaya. Miye aliniambia 'sasa hivi'. Niko mwaka wa ine."

Ieleweke kwamba Aimé hakuwa mwongo. Nyuma ya mlango ule zilikuwa dakika mbili kamili, na saa ya ukutani kule ndani ilizipima bila kupunja. Ila upande huu wa dirisha dakika hizo hizo zilichukua miaka tisa, na hakuna mtu mwenye faili mjini Lubumbashi asiyejua hesabu hiyo. Ukiambiwa "mara moja", panda mahindi, uyavune, upande tena. Ukiambiwa "mbio mbio", mtoto wako atamaliza shule ya msingi. "Punde" hutegemea umeme. Kuhusu "papo hapo", Mzee Bwalya aliwafahamu watu wawili walioambiwa hivyo, na wote wawili walizikwa vizuri, watu walijaa.

Victorine hakugomba. Alienda zake nyumbani, akauza sokoni unga wa bukari, ugali wa huko, na kila Jumanne alipita kuchungulia ule mlango. Exaucée alishuka mgongoni, akatambaa, akaota meno, akayang'oa, akaanza shule.

Mwaka wa saba kampuni ya mgodi ilibandika tangazo kwenye milango. Lilikuwa fupi. Lilisema watu wahame, na kwamba kazi haitachukua muda.

Hilo nalo halikuwa uongo. Mtaa wa kwanza kuondoka ulikuwa wa Mzee Bwalya. Alikuwa amekaa kibarazani, mkono umeegemea ukuta wake, akapepesa macho kama mtu yeyote anavyopepesa, na macho yalipofunguka mkono ulikuwa umeegemea hewa. Mbele yake palikuwa na shimo lenye ngazi za udongo mwekundu, malori yanapanda na kushuka, na madereva wake wamechoka tayari kama watu walioanza kazi alfajiri. Hakukuwa na vumbi. Mke wake alikuwa ameshika mwiko. Chungu, jiko na jikoni havikuwepo.

"Hawa bantu banatumika kazi kwa fujo ao kwa akili?" aliuliza Régine, jirani yake Victorine aliyekuja kutazama shimo, mwanamke aliyekuwa haogopi mtu isipokuwa mama mkwe wake.

"Kwa akili," alisema Mzee Bwalya. "Fujo ingechelewa."

Alihamia kwa mwanawe, kule mpakani Kasumbalesa. Ila kabla ya kuondoka alipita mtaani kwa Victorine kuwaachia maarifa: kampuni ina haraka sana, lakini haraka yake yote inaingia katikati ya kope mbili. Nyumba inayotazamwa, hawaiwezi.

Basi mtaa ukapanga zamu za macho. Walikaa wawili wawili kila mwisho wa mtaa, juu ya viti vya plastiki. Mmoja akitaka kupepesa anasema "chukua", mwenziwe anajibu "nimeshika", ndipo anapepesa. Vitunguu vilipigwa marufuku. Mboga ya mtaa ule ikawa haina ladha kwa miaka miwili, na wageni walilalamika, na waliambiwa wale wanyamaze. Mwenye mafua hakupewa zamu. Pasta Doudou, ambaye kanisa lake lilikuwa mtaa wa nne kutoka pale, alichukua zamu ya asubuhi na kuishika vizuri kuliko wote, kwa sababu alizoea kukazia watu macho. Jumapili walinzi walibaki vitini na wengine walienda kanisani wakafumba macho yao kwa raha, maana huko yalikuwa yanapumzika.

Mara mbili gari la kampuni lilikuja, likasimama. Wanaume wenye kofia ngumu waliwatazama walinzi. Walinzi waliwatazama wao. Gari likaondoka.

"Bakuye tena kesho," alisema Régine, machozi yanamchuruzika kwa kukodoa. "Niko na macho mbili, na nilizaa mengine sita."

Jumanne moja ya mwaka wa tisa, mlango wa nyuma wa ofisi ulifunguka. Aimé alitoka na hati mkononi, wino wa muhuri bado unang'aa. Alikuwa na miaka ishirini na saba na dakika mbili. Akameza andazi.

"Njo hii, mama. Sikukuchelewesha?" Alichungulia nyuma ya bega la Victorine. "Na mutoto wa mugongo?"

"Ni huyu," alisema Victorine, akamsogeza mbele Exaucée, ambaye kichwa chake kilikuwa kimepita dirisha.

"Banakomea mbio, batoto ba siku hizi," alisema Aimé kwa upole, akaita anayefuata.

Victorine alipanda pikipiki na binti yake katikati. Alimwambia dereva atie mwendo, na dereva alitia, wakapita malori, wakapita soko, wakapita msiba mmoja bila kusalimia. Alishuka mwanzoni mwa mtaa huku anaipunga hati juu kama bendera, anaita watu kwa majina. Walitoka wote. Mabibi walitoka na watoto uchi walitoka. Walinzi wa upande huu waligeuza viti vyao ili waone muhuri, na wa upande wa pili, waliposikia vigelegele, walikuja mbio wasipitwe. Hati ilipita mkono kwa mkono. Ilikuwa na namba, jina lote la Victorine bila kosa, urefu wa kiwanja na upana wake. Kama moja imetoka, za wengine pia zitatoka. Régine alicheza mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka.

"Tumushukuru Mungu kwanza," alisema Pasta Doudou. "Kifupi tu. Tufumbe macho."

Ni watu waliolelewa vizuri. Walijifunza kufumba macho kabla ya kujifunza kuhesabu, na waliofumbua wakati wa sala utotoni walipigwa kofi na mama zao. Wakafumba wote, walinzi na watoto na Pasta mwenyewe. Hata Régine, ambaye kanisani huchungulia kila mara aone nani amevaa nini, siku ile alifumba kwa moyo wote. Pasta alitimiza ahadi yake. Ilikuwa sala fupi kuliko zote alizowahi kusali.

"Amina," walisema, wakafumbua.

Walikuwa wamesimama ukingoni, wamebanana, mtaa mzima juu ya ukanda wa ardhi usiozidi upana wa kitanda. Mbele yao shimo lilishuka ngazi kwa ngazi. Pasta Doudou alitazama chini, akasema kwamba kosa ni lake, na hakuna aliyembishia.

Pembeni palikuwa na uzio mpya, na kwenye uzio palikuwa na meza, na nyuma ya meza palikuwa na mtu wa kampuni anayeitwa Dominique, shingo imeungua jua kama aliyekaa pale siku nyingi. Victorine alimwendea akaweka hati mezani. Dominique aliisoma kuanzia juu mpaka chini, akaigeuza, akaisoma tena.

"Mama, karatasi yako iko muzuri sana," alisema. "Hakuna mutu anaweza kukunyima kiwanja, parcelle yako. Ni ile pale." Alionyesha hewani, juu ya shimo, karibu na pale ndege mmoja alipokuwa anapita. "Ila ona: inaandika urefu, inaandika upana. Chini haiandike. Chini ni ya kampuni."

"Na nyumba yangu?"

"Ilikuwa juu ya ile chini."

Régine alimwambia Dominique neno moja la Kiluba ambalo Dominique alilielewa, kwa kuwa aliinamisha kichwa, akatoa fomu kwenye droo.

"Muandike malalamiko. Kampuni inajibu bwangu bwangu."

Mtaa mzima ulilifahamu neno hilo. Ni "haraka" ya Wabemba, na mji wote hulitumia kumhimiza mtoto anayechelewa dukani. Ila Victorine alikuwa ametumia miaka tisa kujifunza kuuliza.

"Bwangu bwangu ni ngapi?"

Dominique alifikiri. Alikuwa mtu mwaminifu, kama Aimé, kama wote.

"Kwa upande wetu," aliuliza, "ao kwa upande wenu?"

"Wetu."

Dominique alimtazama Victorine, mvi zake, viatu vyake. Kisha akamtazama Exaucée, akampima kwa macho toka unyayo mpaka utosi, akageuza fomu kidogo ili mama mtu aone vizuri mstari wa jina la atakayekuja kuchukua jibu.

"Uandike ya mutoto," alisema.

Victorine alichukua kalamu. Aliandika jina la Exaucée kwa herufi kubwa, polepole, akaacha nafasi chini yake ya jina la mjukuu.