Bwawa la Karatasi

Ofisini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Fundi Mstari, naye aliitikia kwa maringo ya mtu anayejua kuwa anastahili. Miaka thelathini na moja alikuwa akichora ramani za idara ya mipango ya elimu kwa wino, na hakuna aliyewahi kumwona akirudia mstari. Kalamu yake ikigusa karatasi, chumba kizima kilishusha sauti, kana kwamba kuna mtoto mchanga amelala.

Mwaka huo serikali ilikuwa imekata shauri juu ya mambo mawili: mabasi ya kuwapeleka wanafunzi shuleni, na madarasa ya ziada kwa shule zilizofurika. Ijumaa saa nne asubuhi kamati ingekaa kuupitisha mpango. Mpango ulikuwa ramani, na ramani ilikuwa yake.

Jumanne mchana binti yake alipita ofisini, vumbi la chaki limempanda hadi kwenye nyusi. Alikuwa mwalimu wa darasa la pili katika shule ya kilimani. Alikuwa na watoto tisini na wanne, nusu yao wakisomea kwenye ujia, migongo ukutani.

"Haya baba, nionyeshe. Tumepata madarasa mangapi?"

"Shule yenu haimo."

"Acha utani."

"Mimi na utani wapi na wapi, mwanangu? Tazama." Akaweka ncha ya kalamu juu ya ramani. "Basi likitoka mtaa wa viwandani lazima lizunguke bwawa. Dakika sabini na tano. Kanuni inasema mwisho dakika sitini. Na madarasa mtajenga wapi? Ubavuni mwa shule ni maji."

"Maji gani?"

"Bwawa. Hili hapa."

Binti akainama. Lilikuwa bwawa zuri, la buluu, la mviringo, na pembeni pamechorwa ndege watatu wadogo. Akalitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayemtazama mgeni aliyekaa kwenye kiti chake.

"Baba, hapo ndipo watoto wanapokimbizana kwenye nyasi."

"Basi litakuwa limekauka."

"Mwalimu mkuu yuko pale mwaka wa kumi na tisa. Limekauka lini? Ulipopiga chafya?" Akachukua mkoba wake. "Nina watoto wanaosoma wakiwa wamesimama, baba. Wewe una ndege."

 Alipoondoka, Fundi Mstari akaenda kwenye kabati la chuma ambalo ndani yake ramani za zamani zililala moja juu ya nyingine, mpya juu, kongwe chini.

Kazi ya ofisi ile ilikuwa na desturi yake. Kila baada ya miaka kumi ramani ilichorwa upya, nayo haikuchorwa kutoka ardhini. Ilinakiliwa kutoka ramani iliyotangulia, juu ya meza ya kioo yenye taa chini. Ramani ilizaa ramani, na hakuna aliyekwenda kuuliza nyumbani kwa bibi yao. Sasa yeye akaanza kushuka ngazi hiyo ya karatasi. Katika ramani ya juu bwawa lilikuwa na ndege. Iliyofuata haikuwa na ndege, ila ilikuwa na kina, mita nne, maana mtu fulani aliogopa kuacha kisanduku wazi. Chini yake hapakuwa na kina, palikuwa na rangi tu. Chini zaidi hapakuwa na rangi, palikuwa na duara jeusi, na sahihi yake mwenyewe akiwa kijana. Chini kabisa, kwenye ramani ya wapimaji waliokanyaga ardhi kwa miguu yao, palikuwa na duara la kahawia, limefifia.

Akaweka kidole juu yake. Akachukua kikombe chake cha chai mezani, akakishusha pale polepole. Kikakaa sawasawa.

Kwa mwanga unaotoka chini ya meza ya kioo rangi zote huwa nyeusi. Ndivyo doa la chai lilivyogeuka ukingo wa bwawa.

Jumatano asubuhi na mapema alipanda kilimani na ramani kwapani. Ukungu ulikuwa haujaondoka, na shule ilionekana vipandevipande, paa kwanza, kisha dirisha. Alifika pale ambapo karatasi ilisema maji yanaanza, akasita.  Halafu akaingia.

Nyasi zilimfika magotini, na upepo wa kaskazini ulizipitia zikalala na kuinuka, zikalala na kuinuka, mpaka akahisi anatembea kwenye sakafu ya bwawa kweli, mita nne za maji juu ya kichwa chake, kimya, buluu, na ndege wake watatu wakielea huko juu wakionyesha matumbo. Akajikuta anabana pumzi. Mbali, kama sauti inayopita majini, binti yake alikuwa akiita majina ya darasa, na majina yalikuwa mengi, hayaishi, na kila jina liliitikiwa na sauti nyembamba kutoka mahali tofauti: mlangoni, dirishani, ngazini. Alisimama katikati ya duara akayasikiliza yote tisini na manne.

Msichana mmoja wa darasa jingine, aliyechelewa, alimpita, akarudi nyuma.

"Shikamoo, babu. Unatafuta nini?"

"Marahaba. Natafuta bwawa."

"Umelipoteza?"

"Nadhani."

Msichana akaangaza macho huku na huku kwa heshima, akamsaidia kutafuta. "Kubwa?"

"Kubwa kiasi."

"Halipo, babu," alisema kwa huruma, akakimbia darasani.

Alhamisi alimweleza Mkurugenzi. Mama yule alikuwa mdogo kwake kwa miaka ishirini, na alimheshimu. Alifunga mlango kwanza.

"Mzee wangu, umebakisha miezi minne ustaafu. Picha yako iko pale ukumbini, mfanyakazi wa mfano. Hakuna haja ya kujipaka matope. Tuandike limekauka, basi."

Fundi alipumua. Lilikuwa neno tamu. Limekauka. Nani angelaumiwa? Jua.

"Likiandikwa limekauka," aliuliza, "watajenga lini?"

Mkurugenzi akatazama dirisha. "Ardhi iliyokuwa bwawa lazima iangaliwe misimu mitatu ya mvua. Unajua kanuni."

"Na basi?"

"Vilevile."

"Miaka mitatu."

"Heshima yako, mzee. Ifikirie."

Aliifikiria. Usiku huo, binti yake akisahihisha madaftari mezani, yeye alikaa akikung'uta nyasi kwenye viatu vyake.

Ijumaa saa nne wajumbe tisa walikaa mbele ya ramani. Mwenyekiti alifika kwenye shule ya kilimani, akasoma, "Haimo, kwa sababu ya bwawa," akataka kufunua ukurasa. Fundi Mstari akainuka. 

"Hakuna bwawa, mwenyekiti."

"Limekauka?"

Mkurugenzi alimtazama. Ilikuwa nafasi ya mwisho, mlango ulio wazi kabisa.

"Halikukauka. Halijawahi kuwapo. Niliweka kikombe cha chai juu ya ramani, kisha nikalichora doa lake. Mimi. Sahihi yangu iko pale chini."

Mjumbe mmoja alicheka, mwingine akafuata, na kicheko kikazunguka meza. "Miaka yote hiyo tumekuwa tukilinda chai!" Fundi aliuinamisha uso, akaungoja mwisho wa kicheko kama mtu anayeingoja mvua ipite.

"Una uhakika, mzee?" Mwenyekiti aliuliza kulipotulia.

"Nimesimama katikati yake. Viatu hivi hapa, vikavu."

"Basi lifute."

Wino haufutiki kwa kifutio. Alitoa wembe, akaanza kukwangua, taratibu, asiitoboe karatasi. Ndege waliondoka wa kwanza. Buluu ikainuka kama unga, ikatanda kwenye vidole vyake na mikono ya shati. Hakuna aliyeondoka ukumbini. Ilipobaki karatasi tupu, alichora njia ya basi moja kwa moja kutoka viwandani, dakika kumi na nane, kisha akachora vyumba sita ubavuni mwa shule.

"Milango ielekee wapi?" mwenyekiti aliuliza.

Wajumbe wakapekua makabrasha yao. 

"Kusini," alisema Fundi Mstari. "Upepo wa pale unatoka kaskazini. Utawapeperushia watoto madaftari."