Kioo cha Mlango wa Kushoto

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, Julai 1995, pikapu ya Fredrick ilikuwa imewashwa mbele ya kibanda cha Mashimba, fundi vioo wa Bariadi, na Felisita, mke wa Mashimba, mimba ya miezi saba, amepewa lifti mpaka kwao Ngulyati, ameshaegemeza kichwa kwenye kioo cha mlango wa kushoto, kile kile alichokiweka mumewe jana... kioo cha dirisha la nyumba, Fredrick anadhani ni cha gari, aliuliza mara moja tu, "Ni chenyewe?", akajibiwa chenyewe, kwa sababu cha gari kiko Mwanza na wanunuzi binafsi wa pamba kama Fredrick hawasubiri siku hizi, wanawahiana vijijini, na kile Mashimba alichokitoa kwenye gari bovu la Dutwa alijaribu kukikata, almasi ya kukatia iligusa tu pembeni, pa! chote kikawa punje kama chumvi ya mawe, Felisita akazizoa kwa mikono mitupu, hata tone la damu halikutoka, akamcheka, "Leo fundi umeshindwa na kioo"... cha nyumba hakimwagiki hivyo, hutoka vipande virefu kama visu, kovu la kiganjani mwake fundi lipo, na barabara ya Ngulyati ina mashimo, breki moja tu, shingo yake... "Mama Justina, sogea katikati, huko kuna vumbi," akamwambia mkewe, Felisita akasogea, basi, yamekwisha, waende, lakini mbona mlango unafunguliwa tena, ni Milembe, mama yake Fredrick, na kapu lake la viazi, anakaa palepale dirishani, "Baba, mkeo umemkinga na vumbi, mimi mzee nilile tu, eeh?", Felisita anacheka, Fredrick anacheka, na ya mama huyu nayo ni shingo, anaegemea, kilemba kimegusa ile kona ambayo kioo cha gari huwa na muhuri mdogo na hiki hakina kitu, watu wakijua, nani ataleta kazi tena, wateja wawili wamekaa hapa kibandani wanasikiliza, Fredrick anakanyaga mafuta, "Fundi, tunachelewa, achia mlango," kumbe ameushika, ameushika tangu lini...

"Mayu, mama yangu, shuka," alisema. "Hicho kioo si cha gari. Nilikata cha dirisha la nyumba."

Saa tatu na robo injini ilikuwa bado inanguruma, na pikapu ilikuwa haijaondoka.