Mtaa Usio na Irondo

Kikohozi kilifika kwanza. Kikavu, kifupi, kisha mlio wa dumu likitua juu ya mawe ya volkano. Evode alikuwa hajaona mtu, maana dirisha lake lilitazama ukuta. Lakini kwa miaka alikuwa amefanya irondo, ulinzi wa usiku wa mtaa wake hapa Gisenyi, na alijua nani hukohoa nyuma ya mlango upi. Kikohozi hiki hakikuwa cha mtaa. Kilitoka Goma, ng'ambo ya mpaka. Kilikuwa cha mama yake, Mukandori.

"Evode! Fungua basi, ni miye."

Mkono ulishika komeo kabla hajafikiri. Ukaganda hapo.

Tangu atoke hospitali hakuna aliyemgusa. Dada yake Uwimbabazi humwachia sahani kizingitini, hubisha, huondoka. Dawa za saratani ya damu zilikuwa zimeua chembe za damu, mbaya na njema pamoja, na sasa ilibaki kungoja uboho wa mifupa uzae chembe nyeupe mpya, askari wa mwili. Nesi Umutoni alimweleza wanavyotembea. Damu huwabeba mbio kama pikipiki inavyobeba abiria, lakini wakihisi shida hushika ukuta wa mshipa, hubingirika polepole, hujipenyeza katika upenyo mwembamba na kuingia nyamani kwa kutambaa, wakipapasa kila chembe: wewe ni wa hapa? Siku ile Evode alicheka. Si ndiyo kazi yake! Gari la doria hupita barabarani likimulika, naye mwizi amejibana kichochoroni, kule mlinzi wa irondo anakopita ubavu, tumbo ndani, kiganja kikipapasa kufuli moja hadi jingine.

Siku ile alicheka. Sasa alilala akiusikiliza mwili wake, mtaa mzima usio na hatua hata moja.

"Mama, uko na homa?"

"Homa ya nini? Ni vumbi ya bariyeri, pale mupakani. Fungua nikukumbatie. Nimekuletea mashanza, maziwa ya Masisi, imeganda muzuri."

"Siwezi kufungua."

Sauti ikapanda. "Donc mi navuka mupaka na mguu, na we unanifungia mulango kama mwizi? Majirani wanaangalia, Evode. Mama gani anarudi na maziwa yake?"

Hilo lilimchoma. Maziwa ya mama hupokelewa kwa mikono miwili, hunywewa, hushukuriwa. Hayarudi. Akavuta komeo. Katika mwanya wa mwanga akaona kitenge cha bluu, na mikono miwili iliyokwisha kunyooshwa. Kisha kikohozi tena, kizito, cha kutoka kifuani kabisa.

Akausukuma mlango. Komeo likalia.

"Mama," alisema, midomo ikigusa ubao, "unakumbuka harusi ya Bizimana? Sisi wote wa irondo tulienda kucheza. Nini ilifanyika huku?"

"Wezi waliingia. Walibeba sufuria ya dada yako, na mboga ya sombe ndani."

"Basi ndani yangu iko vile. Askari wote hawapo. Kikohozi yako, kwako inapita tu. Kwangu itaingia nyumba zote, na hakuna mutu wa kupiga filimbi."

Evode alisikia kitenge kikikwaruza ubao, mama akiketi na kuegemeza mgongo mlangoni. Naye akaketi. Ubao ulikuwa baridi.

"Bon," mama alisema, na sauti yake ilikuwa imelowa. "Nitaikunywa miye. Waone dumu inarudi tupu."

Akaanza kunywa. Funda baada ya funda, taratibu, akikohoa, akifuta mdomo, akinywa tena. Evode aliyasikia maziwa yakishuka, akameza mate yake makavu.

Alikiweka kiganja juu ya ubao, akapapasa mpaka akapata mahali palipotikisika kila mama alipokohoa.

"Mama. Siku irondo yangu itarudi, mi ndiye nitavuka mupaka na mguu. Utanikumbatia mbele ya majirani wote, na sitakuambia acha."